Ukimya wa Jiko Letu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza, na mpangaji amerudi. Mpangaji ni jina ambalo baba amelipa tone linalovuja jikoni kwetu, pembeni ya kabati la vyombo. Anasema huja kila msimu wa mvua, halipi kodi, na ukimsemesha hajibu. Mama ameweka beseni chini yake. Akamwambia baba kwamba kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hata kinyozi akiloa kichwa hujifuta. Baba akajibu kuwa yeye ni fundi sauti, si fundi mabati.

Naandika haya kwa lugha ya nyumbani. Shuleni tunaandika kila kitu kwa lugha ile nyingine, na nimeizoea, mpaka ndoto za mtihani naziota kwa lugha hiyo. Lakini kuogopa kwayo siwezi. Nikiogopa, maneno yanarudi nyumbani yenyewe kama kuku jioni.

Na naogopa, kwa sababu jana nilipandisha video mtandaoni.

Jumanne, 3 Machi

Watazamaji wachache. Nadhani wengi wao ni mimi.

Alhamisi, 5 Machi

Acha nieleze tangu mwanzo.

Baba anafanya kazi kwenye kituo cha televisheni, kile chenye mnara unaoonekana hata ukiwa uwanja wa shule. Mwezi uliopita alinipelekea mchezo wangu mfupi kwa Mkuu wa Vipindi. Hakuna kinachoonekana kwenye televisheni yetu bila kupita mezani kwake. Mchezo ulikuwa wa kikombe chenye ufa ambacho wageni wakija kinafichwa kabatini. Nilijirekodi nikiusoma, sauti zote mimi. Jibu lilirudi kwa mdomo, na baba alilitoa polepole kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki kwa ulimi. Mkuu alisema vyombo vya jikoni si wahusika. Alisema ufa lazima uzibwe mwishoni ili watoto wapate funzo. Na alisema sauti ya msomaji haina mwanga.

Shuleni naitwa Kimya. Sasa nilijua na sababu.

Baba aliona nimeinamia sahani, akataka kunichekesha. Akavua miwani ambayo hana, akaipulizia pumzi, haaa, akaifuta kwa pindo la shati, akatazama dirishani kama anayesubiri dirisha limwombe radhi. Kisha: “Kwa leo… hapana.” Ndivyo Mkuu anavyowaambia wote wanaoingia ofisini kwake, na hiyo leo haijawahi kuisha. Mama alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mimi nilicheka pia. Lakini ndani yangu kitu kilikaa wima, kikasikiliza.

Jumapili mama alipokwenda kupeleka nguo za wateja na baba akiwa kazini, niliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Chujio la chai nikaliweka mlangoni mwa kikombe kilekile chenye ufa. Majani ya chai yakaja kuomba kuingia, moja baada ya jingine, na Chujio akayasikiliza yote kwa heshima, akapuliza haaa, akasema kwa leo, hapana. Mikono yangu niliivika vitambaa vyeusi, mabaki ya ushonaji wa mama. Sauti sikubadilisha. Niliiacha ilivyo, nzito, isiyo na mwanga.

Chaneli nimeiita Kabatini. Nilibonyeza, ikapanda. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, wala mtoto wa nani, wala funzo liko wapi. Nilidhani nitafurahi. Mikono ikaniwia baridi, kama mtu aliyeusukuma mlango kwa nguvu akidhani umefungwa, kumbe umeegeshwa tu.

Jumapili, 8 Machi

Nimepandisha ya pili. Ndani yake yumo Sufuria, ambaye Chujio anamwambia ni mkubwa mno, na Kijiko, ambaye anaambiwa asubiri akue.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Hesabu. Mvua.

Ijumaa, 13 Machi

Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Kicheko, kanisukuma kwa kiwiko wakati wa mapumziko nione kitu kwenye simu ya kaka yake. Ilikuwa jiko letu. Kabati letu, beseni kwa mbali, na mikono yangu. Nilihisi kama nimekutwa nikioga.

Kicheko alikuwa anapangusa machozi. Akasema huyu Chujio lazima ni mzee fulani wa makamo, tena wa pombe, sikia hiyo sauti. Nikasema labda. Akasema anachopenda zaidi ni pale mwanzoni, kabla mtu hajasema neno, pale pa kimya kabisa, unajua tu kuna mtu ataonewa. Nikasema tena labda. Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyofanya shuleni wiki hii.

Jumapili, 15 Machi

Ule ukimya wa mwanzo nimeurithi kwa baba. Yeye akimaliza kurekodi watu mahali popote huwaomba wote watulie, wasiguse hata kiti, akarekodi chumba chenyewe. Baadaye kwenye kuhariri anautandika ukimya huo chini ya maneno, ili palipokatwa pasisikike mshono. Nilipokuwa mdogo ulikuwa mchezo wetu. Alinivisha hedifoni kubwa, nikafumba macho, akanisikilizisha ukimya mmoja mmoja, nami nikataja: hii ni sebule, hii ofisi ya daktari wa meno, hili jiko letu. Hakuna chumba kilicho kimya, aliniambia. Kila chumba kina namna yake ya kunyamaza. Akanifundisha na kushika maikrofoni, kwa sababu mkono ukitetemeka, unasikika kama mchanga.

Kwa hiyo kila video yangu naianza na jiko likinyamaza. Si mapambo. Sijui kuanza vingine.

Alhamisi, 19 Machi

Mwalimu wa zamu alikataa kumruhusu Kicheko aende nyumbani mapema. Kabla hajamaliza sentensi, darasa zima likapuliza haaa. Mwalimu hakuelewa. Mimi nilielewa, nikainamia daftari.

Jumatano, 25 Machi

Leo baba alichelewa. Alikula akisimulia, na mimi nilihesabu punje za wali ili nisimwangalie.

Kituoni wote wameiona video ya Chujio. Mwanzoni walicheka kwenye korido, wakaambizana kwa leo hapana wakipishana mlangoni. Kisha mtu akasahau mlango wazi na Mkuu akasikia. Sasa Mkuu amesema hadharani kwamba kuna mtu wa ndani, kwa sababu mtindo ule wa kupuliza miwani haujawahi kuonekana hewani. Anaujua tu aliyewahi kukaa kwenye kiti kilicho mbele yake. Anawaita ofisini mmoja mmoja. Atakayepatikana ataondoka siku hiyohiyo.

Mama akamuuliza kama yeye ameiona. Baba akasema sauti ya simu kwake ni kama kokoto kwenye wali, haangalii kitu humo.

Mungu wangu. Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba kichekesho kile kilitoka mdomoni mwa baba. Nilikiokota mezani kama mtu anavyookota kitambaa cha mabaki, nikidhani hakina mwenyewe.

Alhamisi, 26 Machi

Kidole gumba kilikaa juu ya neno “Futa” mpaka skrini ikazima yenyewe.

Jumamosi, 28 Machi

Kwa nini sifuti? Acha niseme ukweli hapa ambapo hakuna wa kunisikia. Kuna mtu ameandika chini ya video: mimi ndiye kikombe. Hajaongeza lolote. Sijui ni mzee au mtoto. Namsoma kila siku kabla ya kuvaa viatu.

Na tena, nikifuta, nitakuwa nimejipulizia haaa mwenyewe.

Lakini usiku mzima nimemwona baba akibeba vitu vyake kutoka kituoni.

Jumatatu, 6 Aprili

Shule imefungwa kwa likizo fupi. Ninashinda nyumbani na cherehani ya mama na mpangaji. Ti. Ti-ti. Ti. Zamani ilikuwa inanibembeleza. Sasa nikisikia naona kidole cha mtu kikigonga meza.

Alhamisi, 9 Aprili

Mkuu ameipata njia. Leo amemwita baba, akamkalisha, akamvisha hedifoni. Akamwambia, wewe una masikio kuliko wote humu, sikiliza uniambie hiki chumba kiko wapi. Ofisi? Stoo? Kwa nani?

Baba alisimulia haya akiwa amesimama, bado ana koti lenye maji. Mama akamuuliza, ukamwambiaje? Akasema amemwambia hakuna chumba. Sauti zimetengenezwa kwa kompyuta, na hata mvua ni ya kompyuta. Mkuu akamshukuru.

Nilishusha pumzi hadi kwenye visigino. Hakulitambua!

Kisha, nilipokuwa naosha vyombo, ikaja aibu ndogo ya kijinga. Kumbe baba naye hajui jiko letu linavyonyamaza.

Ijumaa, 10 Aprili

Baba yuko juu ya paa.

Ameamka, hakunywa chai, akaazima ngazi ya jirani, akapanda na lami na kipande cha bati huku inanyesha. Mama yuko chini anamwuliza kama amerogwa, miaka yote nimekuomba kukiwa na jua, leo ndio umeona? Hajibu. Anagongelea. Mimi nimekaa jikoni na kila pigo la nyundo linaingia kichwani.

Alishuka ameloa chapa. Akaja akasimama juu ya beseni. Tulisikiliza wote wawili. Hakuna ti. Akalimwaga lile beseni mlangoni, akaligeuza kifudifudi, akaniangalia. Hakuwa amekasirika. Ningejua la kufanya na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyefunga dirisha na bado anasikia kelele nje.

Akaenda kubadilisha nguo.

Anajua. Alimsikia mpangaji wetu tangu alipovaa ile hedifoni, na akamwangalia bosi wake usoni akasema hakuna chumba.

Jumanne, 14 Aprili

Haongei na mimi wala hanikwepi. Nipe chumvi. Asante, mama. Huniita mama tangu nizaliwe, lakini sasa nikilisikia jina hilo natamani kujificha.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilijaribu kurekodi. Nikaegemeza simu, nikasubiri jiko linyamaze, na jiko halikunyamaza kama jiko letu. Bila mpangaji, pamekuwa kama pahali pa watu wengine. Nikarudisha chujio msumarini.

Jumatano, 22 Aprili

Wamempata mtu wao. Si baba.

Ni Dada wa Mapokezi. Nilipokuwa mdogo na baba akanipeleka kazini, ndiye aliyekuwa ananipa peremende na kunifungulia geti kwa kitufe, akisema karibu, mheshimiwa. Walimkuta anaitazama video kwenye simu, tena anajua maneno yote kwa moyo, tena akaiga. Mkuu akasema kumbe kompyuta yenyewe iko mapokezi. Amerudishwa nyumbani mpaka itakapoamuliwa, na kila mtu anajua uamuzi utakuwaje.

Baba hakula. Aliweka kijiko chini taratibu, kisilie.

Nimeuangalia uongo wa baba ukitoka nyumbani kwetu kutukinga sisi, ukaenda ukamwangukia mtu aliyekuwa anacheka tu.

Jumamosi, 25 Aprili

Leo nimeogopa kuliko siku zote, kwa hiyo nitaandika yote.

Dada wa Mapokezi alikuja kwa mama. Si kwa ajili yetu; alikuja kama mteja yeyote, na gauni lake la kazi kwenye mfuko. Anataka lipunguzwe mikono, na nembo ya kituo itolewe kifuani, aweze kulivaa akienda kuomba kazi kwingine. Mama alikuwa na kitambaa kwenye cherehani, kwa hiyo akaniita mimi, njoo ufumue hiyo nembo. Akanipa wembe.

Nikakaa sakafuni na gauni mapajani. Uzi ulikuwa mgumu. Nilikata mmoja mmoja, na juu yangu wao wanaongea. Dada alikuwa anatania. Akamwambia mama, dada yangu, mimi ningekuwa na kichwa cha kutengeneza kitu kama kile, ningekuwa nakaa mapokezi nagawa vitambulisho? Mama akacheka, akamwambia nawe ulimi wako umekuponza. Akasema ndiyo, ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata mlezi.

Kisha mama akaisimamisha cherehani, na Dada akaacha kutania. Akasema:

“Sina kinyongo naye huyo mtu, popote alipo. Alinichekesha mwezi mzima. Ila natamani angejitaja. Mwanangu ananiuliza, mama umefanya nini? Namjibu sijafanya kitu. Sasa hata mimi naanza kujisikia naongopa.”

Wembe uliteleza. Ni mkwaruzo tu, kwenye kidole. Dada akaninyanyua mkono, akanipulizia pale palipochanika, akasema pole, mheshimiwa. Bado analikumbuka lile jina.

Mahali nembo ilipokuwa, kitambaa hakijapauka. Pamebaki alama, na ni nyeusi kuliko gauni lote.

Jumapili, 26 Aprili

Nilimngoja baba arudi kutoka kazini mchana. Alinikuta jikoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa lugha zote mbili, yakakimbia yote.

“Baba, ni mimi.”

“Najua.”

“Ulijuaje?”

“Nilijua kabla Chujio hajafungua mdomo.” Alivuta kiti. “Umeanza na jiko. Nani mwingine duniani anaanza na jiko?”

Nilimwambia nitafuta zote. Akasema kufuta hakumrudishi Dada kazini, kutafanya tu ionekane aliyerudishwa nyumbani ndiye mwenyewe. Nikamwambia basi nitajitaja. Alikuwa anakuna kucha kwenye ukingo wa meza, na nikaona kwamba baba yangu, anayemuiga Mkuu mpaka sahani zinacheka, anamwogopa Mkuu. Amemwogopa kwa miaka yote hiyo. Vichekesho vyote vile vya mezani vilikuwa ni hofu iliyovuliwa koti.

Akasema nikijitaja, swali la pili litakuwa kwake: wewe mwenye masikio, uliwezaje kutosikia? Akaniuliza kama nimelifikiria hilo. Nikasema nimelifikiria mpaka nimetapika.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini. Mkanda wa kupimia shingoni, sindano mdomoni. Alitoa sindano, akaichoma kwenye nguo yake kifuani. Alisema lile gauni ameshindwa kulipunguza. Kila akilitandika anaona ile alama.

Baba akainuka. Nilidhani anatoka. Alikwenda chumbani, akarudi na hedifoni yake kubwa na maikrofoni yake mwenyewe, ya zamani, si ya kituo. Akafuta kopo la sukari kwa mkono, akaniwekea simu mahali pake, nami nikavaa vitambaa vyangu vyeusi mikononi.

“Anza na ukimya,” alisema. “Ila safari hii usikate kitu. Hata mimi usinikate. Ukikata, watasikia mshono.”

Mama akatulia. Baba akatulia. Jiko likanyamaza, na ndani yake mlikuwa na watu watatu wanaopumua.

Kisha nikavua vitambaa mikononi. Nikasema jina langu lote. Nikasema Chujio ni mimi, sauti ni yangu, na Dada wa Mapokezi hakujua lolote. Nikasema kile kichekesho nilikisikia nyumbani. Nikasema fundi sauti wa kituo ni baba yangu, alilijua jiko lake, na alinificha kwa sababu aliniogopea. Ufa wa kikombe sikuuziba.

Jumatatu, 27 Aprili

Imepanda tangu jana. Baba ameondoka asubuhi na mfuko wake kama kawaida. Alirudi mlangoni kuchukua mwavuli, akauacha tena.

Alirudi jioni. Mkuu hajasema neno. Amefunga mlango wake.

Jumanne, 28 Aprili

Hajasema neno. Shule imefunguliwa, na Kicheko amekaa nami siku nzima. Mwishoni akaniuliza, kwa hiyo yule mzee mlevi ni wewe? Nikasema ni mimi. Akasema samahani kwa pombe.

Jumatano, 29 Aprili

Hajasema neno. Nikisikia hatua nje, natambua viatu kabla sijatambua mtu.

Alhamisi, 30 Aprili

Dada wa Mapokezi amepigiwa simu, arudi kazini. Amemtuma mtu kwa mama: gauni lile liachiwe mikono yake, lirudishiwe nembo. Mama aliishona kwa mkono. Niliomba nishone mimi, akaniacha nishone upande mmoja.

Jumamosi, 2 Mei

Nilikuwa nafagia sebuleni. Bado mchana, na nikasikia viatu vya baba uani saa ambayo viatu hivyo huwa kituoni.

Hakuwa na sanduku wala nini. Mfuko wake tu, na hedifoni shingoni. Mama alizima cherehani. Baba alisimama katikati ya jiko, akavua miwani ambayo hana. Akaipulizia, haaa. Akaifuta kwa pindo la shati, polepole sana.

“Kwa leo… hapana.”

Hakuna aliyecheka. Mama alikwenda akamshika mkono wa shati, hakumshika mkono wenyewe, alishika shati tu, kama anapima kitambaa. Nilitaka kusema nisamehe, lakini yeye alikuwa ameshavuta kiti na anatafuta kopo la sukari.

Mvua ilianza kugonga bati. Chini ya kiraka, hakuna kilichodondoka. Baba aliinua uso akasikiliza, akasema jiko limebadilika, litahitaji kurekodiwa upya. Akanivisha hedifoni. Akaishika maikrofoni yeye, karibu na kikombe chenye ufa, akaniashiria kwa kidevu.

Nilifumba macho. Nilisikia mvua kwa mbali, mama akimeza mate, na simu ya mama ikitetema mezani bila kupokelewa. Na karibu kabisa, chini ya vyote, nilisikia mchanga.

Sikumwambia. Nilingoja jiko linyamaze, nikaanza.